Nani Kastaajabu?

Mzee aliingia dukani mwangu saa nne asubuhi, kofia ya viua kichwani, mkononi mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Mimi nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga: natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, na jioni nafundisha Kiingereza watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, ambao wameingia darasa ambalo karibu kila somo limegeuka ghafla kutoka Kiswahili kuwa Kiingereza. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa karatasi moja.

"Nisomee hii, mwanangu. Nimeambiwa imenisifu."

Ilikuwa barua ya kumuaga. Amelinda ghala miaka 19, zamu ya usiku, sasa amepumzishwa. Aya tatu fupi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na katikati sentensi moja ambayo ndiyo iliyokuwa sifa yenyewe: "He carried out his duties admirably."

Nikamwambia, "Wanasema umefanya kazi yako vizuri sana."

Akanyamaza. Kisha, "Vizuri sana. Basi?"

"Neno lenyewe ni kubwa kuliko hapo, mzee wangu. Ni kama kusema kazi yako mtu akiiangalia, anastaajabu."

"Nani kastaajabu?"

Niliirudia ile sentensi kwa macho mara mbili, nikitafuta. Mwenye kustaajabu hamo. Aliyetia saini hakusema "nimestaajabu". Hakusema wenye mali walistaajabu, wala walinzi wenzake. Kuna sifa, na hakuna msifuji. Tangu siku hiyo neno hili, "admirably", sijaliachia lipite bila kuliuliza swali la mzee, na nadhani kila Mswahili anayeandika Kiingereza, awe mwalimu, karani, mkubwa wa ofisi au mwanafunzi wa mitihani, angefaidika kuliuliza.

Tulitazame lilivyoundwa. Kiingereza hutengeneza vielezi vyake vingi kwa kupachika "-ly" mwishoni mwa kivumishi. Mkia huo una asili ya kushangaza: umetoka kwenye neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mwili, "lic". Neno hilo limesalia hadi leo Uingereza katika jina la lango lenye paa la uwanja wa kanisa, "lychgate", mahali jeneza lilipowekwa kidogo kabla ya maziko. Kwa hiyo kitu kikifanywa "-ly", hapo zamani kilikuwa kimefanywa "kwa umbo la" au "kwa mwili wa" jambo fulani. Wafaransa na Wahispania walipita njia nyingine: wao walichukua neno la Kilatini la akili, "mente", wakalifanya mkia wa vielezi. Mfaransa anaposema "admirablement", chini ya neno lake kuna mtu anayetenda kwa akili ya kustahili sifa. Mwingereza kaweka mwili, Mfaransa kaweka akili.

Shina lake nalo ni Kilatini, "admirari", yaani kukielekea kitu kwa mshangao. Humo humo mmetoka "miracle", muujiza, na "mirror", kioo, kwa sababu kioo ni kitu cha kutazamia. Miaka 400 iliyopita Mwingereza aliweza kutumia "admire" kwa mshangao mtupu, hata kama kilichomshangaza hakikumpendeza. Mapenzi na heshima vilikuja kuzidi nguvu baadaye.

Hapa Mswahili hana haja ya kujiona mgeni. Sisi tuna "ajabu" na "kustaajabu", na maneno hayo tumeyapata kwa Waarabu, ambao shina lao la mshangao ndilo pia linalozaa neno lao la kupendezwa. "Mzuri ajabu," tunasema, na hakuna anayeuliza mshangao umeingiaje kwenye uzuri. Vijana wa Makorora na Mabawa wamekwenda mbali zaidi. Mwimbaji akiwakosha watasema "kaimba hatari", "kapendeza balaa", "ametisha". Wazazi wanakasirika kusikia hivyo, wanasema lugha inaharibika. Mimi huwaambia kwamba Kiingereza nacho kimepita njia hiyo hiyo: "terrific", ambalo leo ni sifa tupu, lilianza likiwa neno la kutia hofu, na "awfully" limetoka kwenye woga wa mtu mbele ya jambo kubwa. Kitu kikizidi kipimo cha uzuri, binadamu hushtuka kwanza. Kijana anayesema "ametisha" ameueleza ule mshtuko kwa uaminifu, na amefanya jambo ambalo barua ya mzee haikufanya: ameonyesha kwamba kuna mtu aliyetishwa, na mtu huyo ni yeye.

Sasa tuje kwenye matumizi, maana ndiko makosa yanakozaliwa.

Kuna vielezi viwili vinavyofanana kama mapacha na kazi zao ni mbali mbali: "admirably" na "admiringly". Cha kwanza kinakaa kwa mtenda: kazi yake inastahili kusifiwa. Cha pili kinakaa kwa mtazamaji: anatazama huku moyo umependa. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye insha kwamba bibi harusi alitoka chumbani na wageni "looked at her admirably". Alitaka kusema walimtazama kwa kupendezwa. Alichosema ni kwamba wageni walijua kutazama, kwamba kazi ya kutazama waliifanya kwa sifa zote. Herufi mbili tatu zimehamisha sifa kutoka kwa bibi harusi zikaipeleka kwa wageni. Kwa Kiswahili kosa hilo si rahisi kulitenda, kwa sababu tunasema "walimtazama kwa kupendezwa", na aliyependezwa anajulikana ni nani.

Mahali kielezi kinapokaa napo pana neno. "She refused the money admirably" ni kusema jinsi alivyokataa: kwa upole pengine, bila kumwaibisha aliyetoa. "Admirably, she refused the money", neno likiwa mwanzoni na mkato baada yake, ni kusema kule kukataa kwenyewe ndiko kwa kusifiwa, hata kama alikataa kwa kufoka. Kiswahili hakitegemei mkato. Kwa ile ya kwanza tutasema "alizikataa fedha kwa adabu ya hali ya juu". Kwa ya pili, "la kumsifu ni kwamba fedha alizikataa". Sentensi zimeachana kabisa, hata asiyesoma anaisikia tofauti.

Kisha kuna vitenzi vinavyokataa kielezi, na hapa ndipo watoto wangu huanguka kila muhula. Idd imepita, nimewapa kazi ya kueleza siku ilivyokuwa, madaftari kumi yamerudi, saba yana pilau iliyo "smelled wonderfully". Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili kinasema "pilau linanukia vizuri", na "vizuri" ni kielezi. Mtoto amekwenda moja kwa moja. Kiingereza hapo hudai kivumishi, "smelled wonderful", kwa kuwa hakielezi jinsi pilau lilivyotenda kazi ya kunusa. Pilau halina pua. Kinaeleza hali ya pilau. Vivyo hivyo kwa "look", "taste", "feel" na "sound". Mtu amevaa, amejipamba, unataka kumsifu kwa Kiingereza. Ukitafsiri "unaonekana vizuri" ukasema "you look well", atadhani alikuwa mgonjwa na umefurahi kapona. Tena si kila chenye "-ly" ni kielezi. "Lovely" na "friendly" ni vivumishi, na "she sang lovely" haikai sawa. Haya ni mambo ya mazoezi, yanatibika kwa wiki chache, na sina hofu nayo.

Hofu yangu iko kwenye kitu ambacho vitabu vya sarufi havikifundishi: kivuli cha neno. "Admirably" haisifu kila kitu. Mwingereza akisema mwimbaji "sang beautifully", anasifu sauti. Akisema "sang admirably", anasifu jinsi alivyomudu, na sikio lililozoea linaanza kuuliza kulikuwa na nini: alikuwa na mafua? Kipaza sauti kilizimika? Neno hili lina uswahiba na shida. Mtu "coped admirably", amemudu katika hali ngumu. Timu iliyofungwa mabao mawili "performed admirably", yaani walijitahidi, hata hivyo. Ni sifa yenye huruma ndani yake. Jirani yake "surprisingly well" ni mkali zaidi: umefanya vizuri, na sisi hatukutegemea. Nimekwisha kuona barua ya ofisi ikimpongeza mfanyakazi kwa maneno hayo, mwandishi akidhani ameongeza sukari. Alimaanisha "amefanya vizuri mpaka tukashangaa". Msomaji wa Kiingereza anapokea "ajabu ni kwamba huyu naye ameweza".

Pia ni neno la kutoka juu kwenda chini. Mkuu wa idara hulisema kwa karani, kamanda kwa askari, mwalimu kwa mwanafunzi. Mwanafunzi akimwambia mwalimu wake kwa Kiingereza "you taught admirably", amepanda kiti cha mkaguzi. Hili Mswahili wa pwani alipaswa kulihisi upesi kuliko mtu mwingine, maana adabu yetu ya kusifu ina ngazi zile zile. Mtoto hamwambii babu yake "umefanya vizuri" kama anayesahihisha daftari. Atasema "ahsante, babu", atasema "Mungu akuzidishie". Sifa ya mdogo kwa mkubwa hupita kwenye shukrani au kwenye dua.

Ngoja nikae kidogo hapa kwenye dua, kwa sababu kuna kitu ambacho Kiingereza hakinacho na sisi tunakitumia kutwa. Mtu wa Tanga akiona mtoto mzuri, mnene, mwenye afya, haanzi kwa kusema ni mzuri. Anaanza na "mashallah". Akiona nyumba mpya, "mashallah". Sifa tupu, isiyo na neno hilo mbele yake, inaweza kumtia mama wa mtoto wasiwasi, kwa kuwa jicho la kupenda na jicho la husuda ni majirani. Kiswahili chenyewe kinalijua hili: kitenzi "kuhusudu" kinabeba yote mawili. "Namhusudu" inaweza kuwa nampenda na kuvutiwa naye mno, na inaweza kuwa namwonea wivu. Kwa hiyo msifuji wa pwani hukubali kwamba yuko pale, kwamba jicho ni lake, na kwamba jicho hilo lina uzito. Ndiyo maana analifunika kwa jina la Mungu. Linganisha na ile sentensi ya barua. Humo hamna jicho, basi hamna wa kujifunika. Ni sifa iliyotolewa na mtu aliyekwisha ondoka chumbani.

Ninasikia mara nyingi, hata kwa walimu wenzangu, kwamba Kiswahili ni maskini wa vielezi vya namna hii. Wanasema, nipe neno moja la "admirably". Hatuna neno moja, na wakitafsiri hutoka na "kwa namna ya kupendeza" au "kwa njia ya kusifika", maneno marefu yanayotembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Wanahitimisha kwamba lugha imepungukiwa. Mimi nakataa, na sababu zangu naziokota kwenye maneno yetu wenyewe.

Tunaita aina hii ya neno "kielezi". Kinachoeleza. Jina limechaguliwa na watu waliojua walitakalo: kazi ya neno hili ni kueleza kitenzi, likishindwa kueleza limeshindwa kazi. Halafu lichukue neno "sifa". Katika tangazo la kazi, "sifa za mwombaji" ni zile tabia na elimu anazopaswa kuwa nazo. Hakuna pongezi pale. Kwenye kasida na kwenye harusi, "sifa" ni pongezi. Neno ni moja. Asili yake ya Kiarabu ni kueleza kitu kilivyo, na kutoka hapo hapo tumepata "wasifu", maelezo ya maisha ya mtu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, kusini ya mji wetu huu, mwaka 1909, alipotaka kumheshimu Siti binti Saad aliandika wasifu wake: alieleza alikotoka, alivyofanya kazi, alivyoimba. Kwa Kiswahili kusifu na kueleza vimelala kitanda kimoja. Ukimsifu mtu bila kueleza chochote juu yake, umesema nusu.

Nilikwenda kumtazama shangazi yangu siku za karibuni, nikamkuta barazani na mkeka ameufunua. Ukili ulikuwa umesukwa na kupakwa rangi ya zambarau na kijani, kipande kwa kipande, na alikuwa akiviunga kwa sindano, akivuta uzi wa mkindu, akibonyeza kwa kidole gumba, akivuta tena. Jirani yake akapita, mama mtu mzima, mkono wake mwenyewe umesuka maishani mikeka asiyoweza kuihesabu. Hakusema "vizuri sana". Aliinama, akapitisha kidole chake kwenye kiungo kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, akageuza mkeka akatazama upande wa chini, akapitisha tena. Kisha akasema, "Mashallah. Kidole hakisikii." Shangazi yangu aliinua uso, akacheka kwa raha ambayo sijaiona usoni pake tangu arobaini ya mumewe. Neno la kitaalamu halikutajwa. Lakini msifuji alikuwapo, kidole chake kilikuwapo, na kilichosifiwa kilitajwa: kiungo kilichofichika hata kidole hakikioni.

Huwa nawaambia watoto wa jioni: hapo ndipo "admirably" ilipo kwa Kiswahili. Hukai ukaitafuta kwenye kamusi. Unatazama kilichofanywa, unasema kilivyokuwa.

Na kama mtu anang'ang'ania umbo, apewe umbo, maana tunalo na ni zuri mno. Tunasema "pamepambwa pakapambika". "Wali umepikwa ukapikika." "Nyumba imejengwa ikajengeka." Kitenzi kinatajwa, kisha kinarudiwa kwa kauli ya kutendeka, na ule mrudio ndio sifa. Maana yake ni kwamba kazi haikuishia mikononi mwa mtenda. Iliingia kwenye kitu chenyewe ikakaa. Kuna upishi ambao mtu amepika na wali haukupikika, sote tumekwisha ula. Kiswahili kinaweka kipimo cha sifa kwenye kitu kilichofanyiwa kazi: wali wenyewe ndio unaotoa ushahidi. Kiingereza kinatundika sifa juu ya kitendo, na mwenye kuona hajulikani. Sisi tunaishusha mpaka kwenye sufuria, mtu yeyote afunue aonje.

Sisemi "admirably" ni neno baya. Katika mikono ya mtu anayelijua, linakaa pazuri: "admirably clear" kwa maelezo yaliyonyooka, "admirably patient" kwa muuguzi aliyekaa na mgonjwa msumbufu usiku kucha. Na lina ukweli ambao "remarkably" na "wonderfully" hazina, kwa sababu hizo mbili zimekwisha kuwa za kuongeza nguvu tu. Mtu anaweza kuwa "remarkably lazy" na asiwe amesifiwa kitu. "Admirably" bado inashikilia wema wake. Ninachokipinga ni kulitumia kama muhuri. Barua inaandikwa upesi, mkono unahitaji kitu kizuri cha kuweka mwisho wa sentensi, neno lenye silabi nne linakuja lenyewe, linagongwa, karatasi inakunjwa. Mtu aliyekaa macho miaka 19 anaondoka na muhuri.

Kwa hiyo anayeniletea barua ya kumsifu mtu kwa Kiingereza siku hizi namuuliza maswali mawili kabla sijagusa kibodi. Nani aliona? Aliona nini? Akijibu, mara nyingi kielezi hakihitajiki tena, au kinahitajika na sasa kina kitu cha kueleza. Mama mmoja alikuja kwa ajili ya msichana wake wa kazi anayehamia kwingine, akataka niandike amefanya kazi "admirably and excellently", vyote viwili. Nilimuuliza aliona nini. Akafikiri, akasema, "Mwanangu alipougua, alijua dawa ya saa nane usiku bila kuamshwa." Tukaandika hiyo. Barua ilikuwa fupi kuliko aliyokuja nayo kichwani, na mama mwenyewe alipoisoma macho yalimlenga.

Mzee wa ghala hakuridhika na nilichomfasiria, na alikuwa na haki. Alirudi baada ya siku tatu, barua bado ndani ya nailoni, akauliza kama naweza kumwandikia chini yake kwa Kiswahili, ili wajukuu wasome. Nikamwambia barua ya watu siwezi kuiongezea neno, ila naweza kumtolea karatasi nyingine, na juu yake tuseme wazi kwamba hii ni tafsiri. Akakubali. Nikaandika tarehe, nikaandika miaka, nikafika kwenye lile neno, nikasimama. Kisha nikachapa: "Amelinda ghala hili, pakalindika."

Nikamsomea. Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Pakalindika," akasema. "Eeh. Palilindika."

Akavuta kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza akaanza kuniambia palivyolindika: mvua za masika zilivyokuwa zikiingia upande wa mlango wa nyuma na yeye akihamisha magunia peke yake gizani, usiku aliosikia bati linafunguliwa taratibu kutoka juu, akakaa kimya chini na rungu lake mpaka wale watu walipogundua kuna mtu, wakashuka wakaenda zao, na mwaka ule mkewe alipokuwa hospitali, alivyokwenda kumtazama mchana na kurudi zamuni kabla ya magharibi, kila siku, mpaka alipotoka.

"Haya waliyajua?" nikamuuliza. "Waliotia saini?"

"Hawakuuliza."

Nikaingiza karatasi ya pili kwenye printa. Nikamwambia hii si tafsiri, hii ni ya kwake, aanze mwanzo, anitajie na mwaka. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Anza na mvua," akasema.